Mbona mwanangu hapangwi? Maswali ya wazazi wenye watoto kwenye akademi za mpira

Likizo ikikaribia ndo meseji zinajaa kwenye safu hii, maana ndo msimu wa mabonanza, kila akademi inatafuta kombe lake, na wazazi wengi mnafika uwanjani mnakutana na mambo ambayo hamkuyategemea. Mwezi huu nimechukua maswali sita. Mengine nimeyafupisha, na majina ya akademi na makocha nimeyatoa hata pale mliyoyataja wenyewe, tunaongelea watoto hapa hatuchafuani.

Kocha habari za kazi. Mwanangu ana miaka 10, yuko akademi moja huku kwetu mwaka wa pili sasa. Ada nalipa kila mwezi, jezi nimenunua, njumu nimenunua, hela ya Coaster ya kwenda bonanza natoa. Mazoezini anacheza vizuri tu ila ikifika Jumamosi anakaa benchi, anaingizwa dakika za mwisho wakiwa washashinda, siku wakifungwa haingii kabisa. Wanaocheza ni wale wale, mmoja mtoto wa dada yake kocha, na wawili baba zao ndo wanaomtoa kocha hela ya soda na vocha. Juzi kaniambia mama mi sitaki kwenda tena. Nimtoe, au nimfuate kocha? Naogopa nikiongea ndo watamkomoa. — Mama D, Tabata

Mama D pole sana mama yangu, na hiyo hofu ya kukomolewa naielewa, ndo inayofanya wazazi wengi wanyamaze mpaka siku mtoto anazitupa njumu chini ya kitanda.

Mtoto wa miaka 10 hajifunzi mpira kwa kuuangalia toka benchi, anajifunza kwa kuugusa, kuupoteza, kuunyang'anya tena, kukosea pasi leo na kesho kuipiga sawa. Kwaiyo kwa umri huo haki ni dakika. Wala siongelei kumhurumia, naongelea kumfundisha, maana hicho ndo kitu ulichokilipia ile ada. Kocha anayemuingiza mtoto mechi ishaisha hajamfundisha kitu siku hiyo, kamsafirisha tu kwenda na kurudi.

Sasa kwa nini wanafanya hivi, na wengi wao si watu wabaya, nawafahamu, wengine wanafundisha bila mshahara wa maana. Kombe ndo tangazo lao. Picha ya watoto wamebeba kombe ikirushwa kwenye grupu la WhatsApp na Instagram, wiki hiyo hiyo wanakuja watoto wapya, na sisi wazazi ndo tunaochagua akademi kwa kuhesabu makombe kabatini, hatuulizi watoto wangapi wamecheza. Na kombe la watoto wa miaka 10 halina ugumu, unatafuta watoto watatu waliowahi kurefuka kuliko wenzao, mmoja golini, mmoja beki, mmoja mbele, umemaliza. Nenda kasimame pembeni kwenye bonanza lolote uangalie mpira wa goli unavyopigwa: yule beki mkubwa anarudi nyuma hatua kadhaa, anaufumua unapita juu ya vichwa vya watoto wote walioko katikati, mkubwa mwenzie anaukimbilia, kipa wa upande wa pili hata akiruka mwamba haufikii, bao. Wazazi wanashangilia. Sasa mwangalie winga, kasimama pale kwenye chaki kashika bukta yake anasubiri, kipindi kizima mpira haujamfikia. Na huyo ni yule aliyepangwa.

Wenzetu hili walishaliona wakalitungia kanuni. Uingereza mwaka 2012 chama chao cha mpira kilipitisha kwamba watoto wa chini ya miaka 7 na 8 wacheze watano kwa watano, chini ya 9 na 10 wacheze saba kwa saba, chini ya 11 na 12 tisa kwa tisa, ndo baadae waende kumi na moja, na misimamo ya ligi kwa wadogo ikaacha kutangazwa. Ujerumani kuanzia msimu wa 2024/25 wamelazimisha mfumo mpya nchi nzima, wale wadogo kabisa wanacheza wawili kwa wawili au watatu kwa watatu kwenye kiwanja kidogo chenye magoli madogo manne, na kubadilishana ni kwa zamu, hakuna wa kusugua benchi. Norway wana kanuni za haki za watoto michezoni toka 1987, na wadogo matokeo yao hayapangwi kwenye msimamo. Hizi ni nchi zenye viwanja na makocha wenye leseni kila mtaa na bado wameamua hivyo, sisi tunachukua mtoto wa miaka 9 tunamuweka kwenye uwanja wa watu wazima, magoli ya watu wazima, halafu tunasema hana pumzi.

Na hiyo haihitaji mfadhili jamani. Uwanja mmoja wa shule ya msingi ukiugawa mara nne kwa mawe na matairi, watoto arobaini wote wanacheza kwa wakati mmoja.

Cha kufanya sasa. Mfuate kocha, ila siku ya mechi usimfuate, ana presha na wewe una hasira, na kwenye grupu usiandike, hapo ndo ugomvi unapozaliwa. Mpigie katikati ya wiki, mwambie kocha naomba dakika kumi kabla ya mazoezi. Ukifika usitaje mtoto wa mtu, usitaje soda wala vocha wala mpwa wake, hata kama una ushahidi, kwa sababu ukishataja tu mazungumzo yanakuwa ya kujitetea na mwanao anasahaulika (na huyo mpwa naye ni mtoto, huenda anastahili kabisa kupangwa). Muulize mambo ya mwanao tu: mwezi huu anafanyia kazi kitu gani, bonanza lijalo umempangia dakika ngapi, na atacheza nafasi gani. Kocha anayemjua mtoto atakujibu palepale, atakwambia mguu wake wa kushoto bado mzito, au akipokea mpira anageukia upande mmoja tu. Akikujibu "tutaangalia mama" ujue hajawahi kumuangalia. Mpe mwezi mmoja, Jumamosi uwe unaandika kwenye simu ameingia saa ngapi ametoka saa ngapi, ili mkikutana tena uwe na kitu mkononi na sio hisia.

Hela ya soda usianze kutoa, tafadhali. Ukitoa wewe na mwenzio atapandisha, mwishowe namba zinanunuliwa na mtoto wa mama muuza mihogo ndo hatacheza milele. Kama mnataka kumshukuru kocha, na mara nyingi anastahili, wazazi changeni wote kwa pamoja mwisho wa muhula mumpe hadharani.

Usimuulize mtoto "unaacha mpira?", muulize kitu gani hakitaki. Nimekuta watoto wanasema hawataki mpira kumbe wanachokataa ni kuitwa jina fulani na wenzao kwenye gari. Kama mwezi umepita na hali ni ile ile mtoe, wala usione umepoteza, wiki mbili tatu acheze chandimu na wenzie mtaani huku unatafuta pengine. Samatta ametokea Mbagala, timu ile ya Mbagala Market iliyokuja kuwa African Lyon, kisha Simba, TP Mazembe 2011, Genk 2016, mpaka Januari 2020 anasaini Aston Villa na kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza ligi kuu ya Uingereza, na sijasikia hata siku moja mtu akiulizia alipokuwa na miaka 10 alibeba kombe gani.

Nimesema miaka 10 mama, akifika 15 au 16 hapo ushindani wa namba ni halali, kocha apange anayeweza na aliyejituma, na wewe mzazi utulie.

Salamu kocha. Kijana wangu ana miaka 13, amezaliwa Disemba, ni mfupi na mwembamba ila mpira anaujua, majirani wote wanasema. Timu yake imemuacha, kocha kamwambia hana mwili wa mpira aende akale akue ndo arudi. Wenzake wengine sauti zishakuwa nzito na ndevu zaanza kuchomoza. Je, nimtafutie mchezo mwingine? — Baba wa Disemba, Kisauni, Mombasa

Baba, usimtafutie mchezo mwingine.

Huyo kijana ameonewa na kalenda. Timu za watoto zinapangwa kwa mwaka wa kuzaliwa, Januari mpaka Disemba, kwaiyo kwenye timu yake kuna kijana aliyezaliwa Januari ya mwaka huo huo, anamzidi karibu miezi kumi na miwili. Jambo hili limechunguzwa nchi nyingi na kwenye michezo mingi, ukiangalia timu za vijana wa umri wa chini utakuta waliozaliwa mwanzo wa mwaka wamejaa, wa mwisho wa mwaka ni wachache, na hakuna anayeamini kwamba Mungu anagawa vipaji Januari peke yake. Makocha wanaona mwili wanadhani wanaona kipaji.

Juu ya hapo kuna kubalehe. Vijana wawili wa miaka 13 kamili, mmoja mwili wake unaweza kuwa wa miaka 15 na mwingine wa miaka 11, na wote wazima. Yule aliyewahi atatamba sasa hivi kwa mbio na nguvu, ila naye anadhulumiwa ingawa hakuna anayemuonea huruma, kwa sababu hajalazimika kujifunza pasi wala kuinua kichwa, akifika 17 wenzake wamemfikia kwa urefu na yeye hana kingine mfukoni. Wako huyo mdogo akipata mahali pa kuchezea atakuwa amejifunza kuukontroo mpira kabla beki hajafika, kwa sababu hana namna nyingine ya kuishi uwanjani.

Antoine Griezmann alikataliwa na klabu za kwao Ufaransa akiwa kijana sababu ya umbo, akachukuliwa na Real Sociedad ya Hispania, na 2018 akabeba Kombe la Dunia na hao hao Wafaransa. Sikuahidi kwamba wako atakuwa Griezmann, hamna mtu wa kuahidi hivyo. Nakwambia tu kwamba umbo la miaka 13 sio sababu ya kumuacha mtoto.

Mtafutie timu ndogo ambayo atacheza kila wiki, hata kama haina jina. Mpime urefu ukutani kila baada ya miezi mitatu uandike tarehe, ukiona ameanza kurefuka kwa kasi punguza mazoezi ya kuruka na mbio nyingi, kipindi hicho ndo magoti yanauma chini ya pia ya goti na makocha wanawaita wavivu. Na huko kwenu Kenya hamjapungukiwa mifano ya kuendesha mpira wa watoto kwa akili, MYSA, chama cha michezo cha vijana pale Mathare, Nairobi, toka 1987 wamekuwa wakizipa timu pointi kwenye ligi kwa kufanya usafi wa mtaa, na kwenye msimamo usafi ulikuwa unaleta pointi sita wakati ushindi wa mechi unaleta tatu. Kutoka huko huko ikazaliwa Mathare United iliyochukua ubingwa wa Kenya 2008. Wametoa mabingwa bila kumtupa mtoto.

Shikamoo kocha. Namlea mtoto wa marehemu dada yangu, ana miaka 16. Kocha wake anasema tukamtolee cheti kingine kisome miaka 14 ili acheze michuano ya U-15, kuna skauti watakuja. Anasema kila mtu anafanya na bila hivyo mtoto hatoki. Nifanyeje? — Mjomba, Morogoro

Marahaba. Kataa mjomba. Kataa leo leo.

Kitu cha kwanza ni jinai, kufoji cheti cha kuzaliwa ni kosa na atakayeshikwa ni wewe uliyesaini, kocha atasema hajui. Cha pili hakifiki mbali. Mtoto ana rekodi shule toka darasa la kwanza, akifika miaka 18 atahitaji kitambulisho cha NIDA, akipata timu ya nje atahitaji pasipoti, kote huko tarehe zinatakiwa kufanana na zikipishana ndo maisha ya kuzunguka ofisini yanaanza.

Cha tatu ni kipimo cha MRI. FIFA wamekitumia kwenye Kombe la Dunia la U-17 toka lile la Nigeria 2009, wanapiga picha ya mfupa wa mkono pale karibu na kiganja, ukionekana umeshaungana kabisa mchezaji anatolewa, hata awe na vyeti kumi. Sisi Watanzania ndo watu wa mwisho kudanganyana kwenye hili. Mwaka 2005 Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana wa U-17, tulikuwa tushafuzu fainali za Afrika za Gambia tukaenguliwa kwa kuchezesha mchezaji aliyezidi umri, Zimbabwe wakaenda badala yetu. Mwaka 2017 ikawa zamu yetu kufaidika, Congo Brazzaville wakaenguliwa kwa kosa hilo hilo na sisi tukaenda Gabon. Na 2019 fainali zilipofanyika hapa hapa Dar es Salaam Guinea walifika fainali, baadae ikagundulika wachezaji wao wawili walishacheza mashindano Japan na tarehe nyingine za kuzaliwa, wakanyang'anywa nafasi ya Kombe la Dunia ikapewa Senegal. Timu nzima ya watoto ilikosa Kombe la Dunia kwa ajili ya wawili.

Na mfikirie yule wa miaka 14 kweli ambaye kijana wako angekaa kwenye nafasi yake. Huyo naye ana mjomba.

Kijana wa miaka 16 hajachelewa, mpeleke UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari, mpeleke majaribio ya timu za U-17 na U-20, zipo. Ukimtoa kwa huyo kocha sitakulaumu, mtu anayemfundisha mtoto kudanganya mwaka wake wa kuzaliwa ana mengine atakayomfundisha.

Kocha naomba ushauri wa haraka. Kijana wangu ana 15, akademi imeleta fomu nisaini mkataba wa miaka 10, akiondoka kabla nilipe milioni 3. Wakati huo huo kuna wakala kanipigia anataka milioni 4 za viza na majaribio Ulaya, anasema nafasi inafungwa Ijumaa. — Mama P, Mwanza

Mama P usisaini na usitume hela. Ijumaa ikipita ipite.

Tuanze na wakala maana ndo mwenye haraka. Kanuni za FIFA kifungu cha 19 zinasema mchezaji haruhusiwi kuhama nchi kwenda klabu nyingine mpaka afike miaka 18. Kuna milango michache iliyoachwa wazi, mfano wazazi wenyewe wanahamia nchi hiyo kwa sababu zisizohusiana na mpira, au wale wa miaka 16 mpaka 18 wanaohama ndani ya nchi za Umoja wa Ulaya, au anayeishi jirani kabisa na mpaka. Kijana wa 15 wa Mwanza haingii hata kwenye mmoja. Kwaiyo hata majaribio yawe ya kweli hawezi kusajiliwa huko. Wakala halali ana leseni ya FIFA aliyoipata kwa mtihani, majina yao yapo kwenye tovuti ya FIFA mtu yeyote anaweza kutafuta, muombe jina kamili na namba ya leseni uone atakavyopotea hewani. Vijana wetu wameshatelekezwa kwenye viwanja vya ndege vya watu kwa njia hii hii, mama ameuza kiwanja, mtoto kaachwa na begi.

Mkataba sasa. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji wa chini ya miaka 18 hasaini mkataba wa kulipwa unaozidi miaka mitatu, hiyo kumi sijui wameitoa wapi. Na ile milioni 3, ni kweli kwamba akademi iliyomlea mtoto ina haki yake na mimi naitetea haki hiyo kwa nguvu zote, wamenunua mipira, wamelipa viwanja, wamempa uji. Ila haki hiyo hailipwi na mzazi, inalipwa na klabu inayomchukua mchezaji. Ipo fidia ya mafunzo, inayohesabu miaka aliyolelewa toka 12 mpaka 21. Na upo mgao wa asilimia 5 ya ada ya uhamisho, unagawanywa kwa klabu zote zilizomlea toka 12 mpaka 23: miaka ya 12 mpaka 15 kila mwaka una robo asilimia, toka 16 mpaka 23 kila mwaka nusu asilimia. Yaani mchezaji akiuzwa nje kwa euro milioni 1, waliomlea mwaka wake wa 14 wana euro 2,500, waliomlea mwaka wa 17 wana 5,000. Toka Novemba 2022 kuna taasisi ya FIFA pale Paris inayopitisha malipo hayo.

Lakini ili walipwe lazima mtoto awe amesajiliwa kihalali kwenye klabu inayotambulika na TFF, shirikisho letu la mpira, rekodi yake isomeke mwaka kwa mwaka. Kwaiyo rudi kwa akademi na swali moja, mwanangu mmemsajili wapi na kwa jina gani, naomba nione. Wakikuonyesha, ndo watu wa kukaa nao mezani mkaandika makubaliano ya mwaka mmoja mmoja, na shule iandikwe humo. Akademi nyingi hazijasajili mtoto hata mmoja ndo maana zinahangaika na karatasi za kumbana mzazi.

Habari kocha. Binti yangu ana 11, ndo msichana pekee kwenye timu, anawapiga chenga hao wavulana lakini mechi hapangwi, kocha anasema wataumizana. Na safari ya mwezi ujao wanasema watoto watalala nyumbani kwa kocha. Naogopa. — Mama Z, Tanga

Umri wa 11 wavulana na wasichana miili yao haijaachana sana, binti anayeweza mazoezini anaweza mechi, na kumkalisha kwa sababu ya jinsia ni uonevu tu hata kama umesemwa kwa upole. Mkumbushe kocha Serengeti Girls, timu yetu ya taifa ya wasichana wa U-17 na ya kwanza yetu kucheza Kombe la Dunia la FIFA, lile la U-17 la India 2022, waliwafunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare na Canada, wakafika robo fainali. Wale wasichana wangekalishwa wote tusingekuwa na cha kushangilia.

Kuhusu kulala kwa kocha, hapana. Awe msichana awe mvulana, hapana. Mtoto halali kwa kocha, hapandi bodaboda ya kocha peke yake, hachatiwi na kocha usiku. Safari ya kulala inakuwa na watu wazima zaidi ya mmoja, mmojawapo mwanamke kama kuna mabinti, wazazi wanajua chumba na namba ya simu. Kocha msafi hakasiriki ukiyasema haya, yanamlinda na yeye. Na ukihisi kuna jambo, usisubiri uwe na uhakika, piga 116 ni bure, Tanzania na Kenya namba ni hiyo hiyo, au nenda dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi.

Kocha, mume wangu akija uwanjani anafoka mwanzo mwisho, piga, rudi, we mjinga nini, mtoto anacheza anamuangalia baba yake. Nikimwambia anasema anamjenga. — Dada wa Ukonga

Dada, mtoto akishaanza kuangalia pembeni kabla ya kupiga pasi ujue haamui tena mwenyewe, na mchezaji ni maamuzi. Kocha anasema toa, baba anasema piga, dogo anafanya nini hapo.

Mwambie shemeji kwa lugha anayoipenda, ya mpira: akitaka mwanae afike mbali amuache akosee mwenyewe. Mpe kazi, ashike maji ya timu, au arekodi mechi kwa simu, mtu anayerekodi hapigi kelele maana atajisikia mwenyewe kwenye video, na hiyo video mwangalieni wote jioni, wengi wanashtuka sana. Njiani kurudi asianzishe habari za mechi mpaka mtoto aanzishe. Akishindwa kabisa abaki nyumbani mechi mbili tatu, na mtoto aambiwe wazi kwamba baba ndo anapumzika, asije akadhani kosa ni lake.